Farasi wa Milioni 11, Jumba la Milioni 7: Hesabu ya Wentworth Woodhouse

Mwaka 1997 jumba la sanaa la National Gallery jijini London lilinunua picha moja ya farasi kwa paundi milioni 11. Farasi huyo, Whistlejacket, alichorwa na George Stubbs mnamo mwaka 1762 hivi, akiwa amesimama kwa miguu ya nyuma kwenye turubai la karibu mita 3 kwenda juu, bila mpandaji, bila mti, bila anga nyuma yake. Aliyeagiza picha hiyo alikuwa bwana wa Wentworth Woodhouse, jumba lililo karibu na mji wa Rotherham, kusini mwa Yorkshire nchini Uingereza. Humo ndani kuna chumba kinachoitwa kwa jina la farasi huyo hadi leo.

Miaka 20 baadaye, Machi 2017, jumba lenyewe liliuzwa. Vyumba zaidi ya 300, mazizi yaliyojengwa kwa ajili ya farasi 84, na ekari zaidi ya 80 za bustani na viwanja, vyote kwa paundi milioni 7.

Picha ya farasi iliishinda nyumba kwa milioni 4, na hapakuwa na kosa la hesabu. Anayenunua picha hupata picha. Anayenunua jumba la namna hii hupata pia deni lililolala juu ya paa, ndani ya kuta na chini ya sakafu, na deni hilo halina benki ya kwenda kuomba muda. Anayedai ni mvua. Kwa Wentworth Woodhouse, makadirio ya kulilipa deni hilo yamefika takriban paundi milioni 130, karibu mara 19 ya bei ya kununulia.

Makala haya yanaifuata hesabu hiyo tangu msingi ulipochimbwa. Bei ya jumba kuukuu haitwambii mengi. Linalotwambia ni swali jingine: nyumba hii ililishwa na nini, chakula hicho kilikatika lini, na nani anailisha sasa?

Ukubwa: mita 185 za uso

Uso wa mashariki wa Wentworth Woodhouse una urefu wa futi 606, yaani karibu mita 185. Uwanja wa mpira wa kimataifa una mita 105. Unganisha viwanja viwili goli kwa goli, kisha punguza mita 25 tu, umepata urefu wa nyumba hii. Uso wa Buckingham Palace, makao ya mfalme jijini London, una mita 108. Ukianza kutembea pembe ya kaskazini kwa mwendo wa kawaida, dakika mbili zitapita na bado hujaimaliza nyumba.

Eneo la sakafu zote kwa jumla linakaribia mita za mraba 23,000. Nyumba ya familia yenye mita za mraba 100 ingeingia humo mara 230. Ukumbi mkuu, ule unaoitwa wa marumaru, ni mraba wa futi 60 kwa 60 na dari yake iko futi 40 juu. Kwa vipimo vyetu ni zaidi ya mita 18 kila upande na mita 12 kwenda juu, kimo ambacho jengo la kawaida la ghorofa nne lingeweza kusimama ndani yake.

Lakini wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ukiingia Wentworth Woodhouse unagundua kwamba si nyumba moja. Ni nyumba mbili zilizopeana mgongo.

Thomas Watson-Wentworth alianza kujenga upande wa magharibi mnamo mwaka 1725 hivi, kwa matofali na mawe, kwa mtindo wa baroki uliojaa nakshi na mikunjo. Kazi ikiwa bado changa, mitindo ikageuka. Wakubwa wa Uingereza walihamia kwenye mafundisho ya msanifu wa Italia wa karne ya 16, Andrea Palladio: nguzo zilizonyooka, ulinganifu wa kushoto na kulia, utulivu wa mahekalu ya Kirumi. Kufikia mwaka 1734 hivi alikuwa ameanza nyumba ya pili mgongoni mwa ile ya kwanza, ikitazama mashariki. Msanifu wa mwanzo alikuwa Ralph Tunnicliffe; aliyeipa sura yake inayojulikana ni Henry Flitcroft.

Tazama tarehe hizo pamoja na vyeo vya mwenye nyumba. Mwaka 1728 alipewa cheo cha Baron. Mwaka 1734 akawa Earl. Mwaka 1746 akawa Marquess wa Rockingham. Vyeo vitatu katika miaka 18, na nyumba ilikua pamoja navyo. Uso ule wa mita 185 ulikuwa kauli ya kisiasa iliyoandikwa kwa mawe: huyu ni mtu wa kuhesabiwa. Mwanawe Charles alihesabiwa kweli. Alikuwa waziri mkuu mara mbili, mwaka 1765 hadi 1766 na tena mwaka 1782, na serikali yake ya kwanza ndiyo iliyoifuta kodi ya stempu iliyowakasirisha wakoloni wa Amerika. Huyu ndiye aliyemwagiza Stubbs amchore Whistlejacket, na ndiye aliyemwita msanifu John Carr kujenga mazizi yale katika miaka ya 1760. Alifariki Julai 1782 bila mtoto, na mali yote ikaenda kwa mpwa wake, Earl Fitzwilliam wa nne.

Kwa mtu anayekadiria gharama, historia hii ya nyumba mbili si mapambo ya simulizi. Nyumba zilizopeana mgongo zina mapaa yanayokutana. Mapaa yanapokutana panakuwa na mabonde, na mabonde hukusanya maji ambayo hayana njia ya kuanguka chini moja kwa moja kama kwenye paa la kawaida. Lazima yaongozwe kwa mifereji iliyojificha, juu ya vichwa vya watu, juu ya dari za plasta. Ubishi wa mtindo wa miaka ya 1730 ndio unaolipiwa na fundi wa paa wa leo.

Chakula cha nyumba: makaa ya mawe

Jumba la ukubwa huu halikujengwa ili lijilipie. Lilikuwa mdomo. Chakula chake kilitoka nje: kodi za wapangaji wa mashamba kwanza, kisha, kadiri karne ya 19 ilivyosonga, makaa ya mawe. Chini ya ardhi ya familia ya Fitzwilliam ulipita mwamba wa makaa wa Barnsley, mmoja wa minene na yenye thamani zaidi nchini Uingereza. Viwanda vilikuwa na njaa ya makaa, na familia ilikuwa imeketi juu yake.

Earl wa sita alipofariki mwaka 1902 aliacha mali ya paundi milioni 2.8, utajiri uliomweka miongoni mwa matajiri wakubwa wa Uingereza ya wakati ule. Kwa kipato cha namna hiyo, paa lilikaguliwa, vioo vilibadilishwa na waashi walikuwa na kazi mwaka mzima. Hakuna aliyeandika kwamba jumba lina tatizo la matengenezo, kwa sababu matengenezo yalikuwa sehemu ya maisha ya kila siku kama kuwasha moto jikoni.

Chakula hicho kilikuwa na bei nyingine. Julai 1912 Mfalme George wa tano na Malkia Mary walikuwa wageni wa Wentworth Woodhouse katika ziara ya maeneo ya migodi. Tarehe 9 ya mwezi huo mgodi wa Cadeby, ambao ulikuwa wa kampuni nyingine lakini katika ukanda uleule wa makaa, ulilipuka. Wachimbaji waliokuwa zamu ya usiku walikufa, na mlipuko wa pili ukawaua waokoaji walioteremka kuwatafuta. Waliopoteza maisha walifika 91. Jioni ile mfalme na malkia walikwenda mgodini kuwapa pole wafiwa. Anayeandika hesabu ya jumba hili na kuacha namba hiyo atakuwa ameandika nusu. Wentworth Woodhouse ilikaa juu ya uchumi wa makaa, na uchumi huo ulilipwa kwa mapafu na maisha ya watu ambao wengi wao hawakupata kukanyaga sakafu ya ukumbi wa marumaru.

Hesabu ilivyogeuka

Mambo matatu yalilifunga bomba la fedha.

La kwanza ni kodi ya mirathi. Ilipoanzishwa kwa sura yake mpya mwaka 1894, kiwango cha juu kabisa kilikuwa asilimia 8. Mwaka 1919 kikapanda hadi asilimia 40. Mwaka 1949 kikafika asilimia 80 kwa mali kubwa zaidi. Chukua mirathi ya milioni 2.8 upigie hesabu kwa viwango vya juu. Kwa kiwango cha 1894 inadaiwa paundi 224,000. Kwa kiwango cha 1949 inadaiwa zaidi ya milioni 2.2. Na kodi hii ililipwa kila mwenye mali alipofariki. Familia ya Fitzwilliam ilizika ma-Earl watatu katika miaka tisa: wa saba mwaka 1943, wa nane mwaka 1948 katika ajali ya ndege nchini Ufaransa, na wa tisa mwaka 1952.

La pili ni kutaifishwa kwa migodi. Tarehe 1 Januari 1947 migodi ya makaa ya Uingereza ikawa mali ya umma. Kwa mchimbaji aliyefanya kazi katika hatari miaka yote, siku hiyo ilikuwa ya haki iliyochelewa, na siwezi kuitaja kama msiba. Kwa jumba, ilikuwa siku jiko lilipozimwa.

La tatu lilikuja hadi mlangoni. Aprili 1946 waziri wa nishati, Emanuel Shinwell, aliamuru makaa yaliyo karibu na uso wa ardhi yachimbwe kwa machimbo ya wazi katika bustani ya Wentworth. Malori na mashine nzito zikaingia. Eneo lililo mbele ya uso wa magharibi likageuka machimbo makubwa ya wazi kuliko mengine yote nchini kwa wakati ule, na kutoka bustanini peke yake zikatolewa tani 132,000 za makaa. Kwa lori la kubeba tani 10, hizo ni safari 13,200. Vifusi vilirundikwa hadi kufikia kimo cha futi 50, sawa na mita 15, mbele ya madirisha.

Serikali ilisema nchi iliyotoka vitani ilihitaji makaa kuendeshea treni. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sheffield, walioitwa na familia, walisema makaa hayo ni duni na hayastahili gharama ya kuyachimba. Wengi wameona katika uamuzi ule hasira ya kitabaka. Lakini waliosimama kulitetea jumba hawakuwa mabwana wenzao peke yao. Joseph Hall, rais wa chama cha wachimbaji wa Yorkshire, aliupinga mpango huo hadharani kwa niaba ya watu wake. Wachimbaji waliiona bustani ile kuwa sehemu ya maisha yao pia. Walikuwa wamezoea kutembea humo siku za mapumziko na kusherehekea humo. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, jumba lilipoanza kuwa na mwenyewe wa pili, kabla sheria yoyote haijasema hivyo.

Miaka 70 ya kusubiri

Baada ya hapo Wentworth Woodhouse ilipita mikono mingi. Kuanzia 1950 ilikuwa chuo cha kufundishia walimu wa kike wa michezo, kilichopewa jina la Lady Mabel, dada wa Earl wa saba. Wasichana walifanya mazoezi ya viungo chini ya dari za karne ya 18. Chuo kilidumu hadi 1979, kisha politekniki ya Sheffield ikalitumia hadi 1988. Mwaka uliofuata mfanyabiashara mmoja alilinunua. Baadaye benki ikalichukua. Mwaka 1999 likanunuliwa na msanifu mstaafu na familia yake, waliolitengeneza kadiri mfuko wao ulivyoruhusu.

Familia hiyo iliamini kwamba migodi ya zamani iliilegeza ardhi na kuzipasua kuta, ikadai fidia ya takriban paundi milioni 100 kwa mamlaka ya makaa ya mawe. Mwaka 2016 baraza la rufaa lilikataa dai hilo. Kwa uamuzi huo ikawa wazi kwamba makaa yaliyolilisha jumba hayatalitengeneza.

Huku Wentworth ikisubiri, nyumba nyingine hazikupata hata nafasi ya kusubiri. Mwaka 1974 jumba la makumbusho la Victoria and Albert jijini London lilifanya maonyesho kuhusu majumba ya mashambani yaliyobomolewa Uingereza katika miaka mia iliyotangulia, na orodha ilizidi majumba 1,000. Mwaka uliofuata mmoja wa walioandaa maonyesho hayo, Marcus Binney, alianzisha shirika la SAVE Britain's Heritage. Ni shirika hilohilo ambalo miaka 40 baadaye liliongoza harakati za kuinusuru Wentworth Woodhouse.

Milioni 7, milioni 7.6, milioni 42, milioni 130

Sasa tuziweke namba za fedha kwenye mstari mmoja.

Milioni 7 ndiyo bei aliyolipa mmiliki mpya, wakfu ulioundwa mahsusi kwa ajili ya kulihifadhi jumba. Karibu nusu yake, takriban milioni 3.5, ilitoka kwenye mfuko wa taifa wa kumbukumbu za urithi; iliyobaki ilichangwa na wahisani.

Milioni 7.6 ni ruzuku iliyotangazwa na serikali katika taarifa yake ya fedha ya Novemba 2016 kwa ajili ya matengenezo ya dharura. Ruzuku hiyo ilikusudiwa kuzuia maji yasiendelee kuingia, na tayari ilikuwa kubwa kuliko bei ya nyumba nzima.

Milioni 42 ni makadirio ya awali ya matengenezo, yaliyotajwa wakati wa harakati za kulinunua.

Milioni 130 ni kiwango kilichofikiwa baadaye, watu walipokwisha kupanda juu, kufunua na kutazama.

Ukigawanya kwa mita za mraba 23,000, jumba lilinunuliwa kwa takriban paundi 300 kwa kila mita ya mraba. Kulitengeneza kunakadiriwa kuwa takriban paundi 5,650 kwa mita hiyohiyo. Kila anayeshangaa jinsi makadirio yalivyopanda kutoka 42 hadi 130 na amkumbuke fundi yeyote aliyewahi kubandua plasta ya nyumba kuukuu. Makadirio ya kwanza hufanywa kwa macho. Ya pili hufanywa kwa nyundo.

Fedha zinakwenda wapi

Kwanza ni paa. Paa la Wentworth Woodhouse limeezekwa kwa vigae vya sleti kutoka Westmorland na, kwenye mabonde na mifereji, kwa karatasi za madini ya risasi. Risasi hudumu zaidi ya karne ikitandikwa vizuri, lakini ni nzito na ina tabia zake. Karatasi yenye unene wa milimita 3.15 ina uzito wa karibu kilo 36 kwa mita ya mraba. Mita 100 za mraba ni zaidi ya tani tatu na nusu. Uzito huo hukaa juu ya kenchi za mbao ambazo zimekuwepo karibu miaka 300.

Tena risasi hutanuka na kunywea. Karatasi ya mita 3 ikipitia tofauti ya nyuzi 50 kati ya usiku wa baridi na mchana wa jua husogea zaidi ya milimita 4. Milimita 4 si kitu kwa siku moja. Zirudie maelfu ya mara, na karatasi iliyokatwa ndefu mno huchoka na kupasuka kama waya unaokunjwa huku na huku. Ufa mwembamba unatosha. Maji huingia, hufika kwenye ncha ya boriti iliyozikwa ukutani, na hapo hakuna hewa ya kuikausha. Unyevu wa mbao ukizidi asilimia 20, kuvu wa kuozesha mbao hupata makao, na aina moja ya kuvu huyo inaweza kupita hata juu ya tofali na mawe ikitafuta mbao nyingine. Aliye chini haoni lolote, hadi siku doa la kahawia linapotokea kwenye dari iliyochongwa mwaka 1740. Kufika hapo, boriti imekwisha.

Pili ni jukwaa la mafundi. Huwezi kuegemeza ngazi kwenye uso wa mita 185. Jukwaa hupandishwa kuzunguka nyumba na mara nyingi hufunikwa kwa paa la muda, ili paa la kweli liweze kufunuliwa bila mvua kuziharibu dari. Fedha nyingi huondoka kabla kigae kimoja hakijaguswa. Ndiyo sababu wataalamu husisitiza kwamba ukishapanda, utengeneze kila kitu kilicho karibu na mkono, hata kile ambacho kingeweza kungoja miaka kumi.

Tatu ni mikono. Ukuta wa zamani ulijengwa kwa chokaa, na chokaa hupumua: unyevu ulioingia hupata njia ya kutoka. Ukiziba nyufa zake kwa saruji, unyevu hufungiwa ndani, jiwe hubomoka na saruji hubaki imesimama kama fremu isiyo na picha. Kwa hiyo anatakiwa mwashi anayejua chokaa, mchonga mawe anayeweza kuiga jani la nguzo ya Flitcroft, fundi wa risasi, fundi wa plasta ya mkono. Watu hawa ni wachache, kufundishwa kwao huchukua miaka, na saa zao ni ghali. Jumba limo katika orodha ya majengo yanayolindwa, daraja la I, ambalo ni takriban asilimia 2.5 tu ya majengo yote yaliyoorodheshwa England. Daraja hilo ni heshima, na pia ni sharti: badiliko lolote linalogusa sura au historia ya jumba huhitaji kibali, na njia ya mkato imefungwa.

Nne ni kodi. Nchini Uingereza anayejenga nyumba mpya ya kuishi hupata nafuu ya kutotozwa kodi ya ongezeko la thamani. Anayetengeneza nyumba kuukuu hutozwa asilimia 20. Juu ya kila paundi 100 za kazi ya fundi, huongezwa 20 za hazina. Sheria inayoliweka jumba katika daraja la I na sheria inayotoza kodi kulitengeneza zinatoka katika nchi hiyohiyo, na kwangu hili ndilo jambo lisilo na utetezi katika hesabu nzima. Nchi inayotaka majengo yake yatengenezwe isiyafanye matengenezo kuwa ghali kuliko ujenzi mpya.

Wengine walilipa kiasi gani

Tarehe 30 Agosti 1989 jumba la Uppark, lililojengwa mnamo 1690 hivi huko West Sussex, liliungua. Moto ulianzia juu ya paa, palipokuwa pakichomelewa risasi, siku mbili tu kabla ya matengenezo kukamilika. Watu waliunda mistari na kuokoa sehemu kubwa ya samani za ghorofa ya chini. Mmiliki, shirika la National Trust, alikuwa na bima, akaamua kulirudisha jumba kama lilivyokuwa siku moja kabla ya moto. Vifusi vilichekechwa kama wafanyavyo wanaakiolojia, vikajaza karibu mapipa 4,000, na humo vikapatikana vipande vya thurea, vitasa na plasta vilivyorudishwa mahali pake. Kazi ilichukua takriban paundi milioni 20 na miaka sita. Milango ilifunguliwa tena mwaka 1995. Mafundi walilazimika kujifunza upya namna ya kufinyanga plasta ya chokaa kwa mkono, ujuzi uliokuwa umekaribia kupotea. Hasara ya Uppark ikawa shule.

Mwaka 2002 ilikuwa zamu ya Tyntesfield, karibu na Bristol, jumba la familia ya Gibbs iliyotajirika kwa kuuza samadi ya ndege kutoka visiwa vya Peru, ambako vibarua walioletwa kutoka China waliichimba katika hali ya mateso. Umma ulichanga zaidi ya paundi milioni 8 kwa takriban siku 100, mfuko wa taifa ukaongeza milioni 17.4, na National Trust ikalipata.

Zipange kesi hizi tatu utaona tofauti. Uppark ilikuwa na bima. Tyntesfield ilikuwa na mmiliki mkubwa mwenye akiba na wanachama. Wentworth Woodhouse, kubwa kuliko zote mbili, haikuwa na kimojawapo. Wakfu wake ulianza na jumba na deni.

Namba iliyo muhimu kuliko milioni 130

Wakfu umechagua njia ya kulifanya jumba lifanye kazi. Kuna ziara, harusi, mikutano, na filamu: dansi ya kwenye filamu ya Downton Abbey ya mwaka 2019 ilirekodiwa katika ukumbi wa marumaru. Paa lilipokuwa likitengenezwa, wageni walipandishwa hadi juu ya jukwaa kujionea sleti na risasi zikitandikwa. Mazizi ya John Carr yaliwekwa katika mipango ya kuwa mahali pa chakula na hafla. Kwa mara ya kwanza jumba linatakiwa kujitafutia chakula chake.

Kuna watakaouliza kama milioni 130 hazina kazi bora zaidi katika eneo ambalo migodi ilifungwa na ajira zikapotea. Nalichukulia swali hilo kwa uzito, na jibu langu ni kwamba fedha hizi hazizikwi ukutani. Sehemu kubwa ni mishahara ya mafundi, na sehemu nyingine ni elimu ya vijana wanaoshika nyundo ya mchonga mawe kwa mara ya kwanza. Wajukuu wa watu walioteremka migodini sasa wanaingia kwa mlango wa mbele, wengine kama waongozaji wa wageni. Jumba lililosimama kwa jasho la wilaya nzima kurudi kwa wilaya hiyo, ndiyo fidia ambayo baraza la rufaa halikuweza kuitoa.

Ila milioni 130 zikishalipwa, hesabu inaanza upya. Tuseme tutenge asilimia 1 ya gharama hiyo kila mwaka kwa matunzo: hizo ni paundi milioni 1.3 kwa mwaka, bila kikomo. Kwa akiba inayoleta faida ya asilimia 4, inatakiwa amana ya zaidi ya milioni 32 iliyokaa bila kuguswa. Hiyo ndiyo namba ambayo ma-Earl hawakuwahi kuiandika, kwa sababu makaa yaliwaandikia, na ndiyo iliyokosekana kwa miaka 70.

Katika orodha ndefu ya kazi za jumba la namna hii kuna moja iliyo rahisi kuliko zote. Kila vuli, majani yakishaanguka, mtu hupanda juu na kuzoa majani kwenye mifereji kabla mvua za baridi hazijaanza. Kazi hiyo humtaka mtu mmoja, ndoo na siku chache. Ikifanyika kila mwaka, risasi itamaliza karne yake, boriti itakaa kavu na dari ya ukumbi wa marumaru itabaki mahali pake. Ikiachwa, hesabu ya milioni 130 itaanza kuandikwa tena kule juu, taratibu, mahali ambapo aliye chini haoni.